Sikio la Mshenga

Mseti Nchagwa hakuwahi kumkatalia Nashoni jambo, na huo ndio ulikuwa ujinga wake mkubwa. Watu wawili walioingia jando siku moja, wakasimama bega kwa bega mbele ya kisu bila kupepesa jicho, hawachunguzani. Ndivyo vijana wa Itiryo walivyofundishwa. Wenzake walilisikia somo hilo wakalisahau baada ya kidonda kupona, lakini Mseti alilimeza na maganda yake.

Kwa hiyo Nashoni aliposema, "Niachie pikipiki nikuwekee sawa, mura, Jumamosi ufike Mbalibali kwa mchumba bila kuzimika hata mara moja," Mseti alimwachia pikipiki na funguo, akamshukuru, akaenda zake kuchunga ng'ombe wa mama yake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Nchagwa, aliyeitumia kwenda minadani kununua ng'ombe. Ilikuwa ya zamani, haina rejeta wala feni, injini yake inapozwa na upepo wa barabarani tu. Ikiwa mwendoni, upepo unapita katikati ya mapezi ya injini na mambo yanakwenda. Shida ilikuwa milimani. Ukipanda taratibu kwa gia ndogo, jua linawaka na upepo haupo, joto lote linahamia kwenye kabureta iliyokaa nyuma ya injini, petroli inachemka humo ndani kama chai, na pikipiki inazimika. Hapo upige kiki mpaka goti liteguke, haiwaki mpaka ipoe.

Mzee Nchagwa aliishi na ugonjwa huo miaka mingi na akaujulia. Akisimama, aliielekeza kwenye upepo na kuiacha ingurume kidogo kabla ya kuizima. Siku za jua kali alifunga kitambaa chenye maji kwenye bakuli la kabureta. Maji kwenye injini ya moto aliyakataza kabisa, maana chuma kikipasuka utalia wewe na ukoo wako. Lakini tegemeo lake kubwa lilikuwa kipande cheusi cha bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, unene wake kama kidole gumba, kilichobanwa kati ya injini na kabureta. Bakelaiti haipitishi joto. Bila kipande hicho, injini na kabureta zinagusana chuma kwa chuma na safari imekwisha. Mafundi wa mjini Tarime wana jina lao la kipande hicho. Mzee Nchagwa alikiita mshenga.

"Huku kuna moto, huku kuna petroli," alikuwa akimwambia mwanawe. "Wakikutana uso kwa uso hakuna ndoa. Lazima mshenga akae katikati avumilie."

Kipande kile kina masikio mawili, huku na huku, yenye matundu ya kupitishia bolti. Mzee, ambaye hakumwamini fundi yeyote chini ya jua, alichukua kisu akakata mapengo mawili kwenye sikio la kulia na pengo moja kwenye sikio la kushoto. Ilikuwa alama ileile aliyowakata ng'ombe wake. Mwizi anaweza kumpaka ng'ombe matope na kumbadilisha jina, lakini sikio lililokatwa halioti tena. Wafugaji wenzake walimcheka: mzee sasa anaweka alama hadi vyuma! Akawaambia wacheke tu.

Mseti naye alikuwa na mshenga wake, wa damu na nyama, na huyo alikuwa Nashoni.

Binti aliitwa Agustina. Alikuwa akiuza dawa za mifugo Mugumu, na siku Mseti alipoingia dukani kutafuta dawa ya kupe, alimuuliza ana ng'ombe wangapi na wanalala wapi, akamkaripia kwa kuwaogesha ovyo. Mseti alirudi Itiryo akiwa na dawa moja na homa isiyo na dawa. Kwao Agustina ni Mbalibali, na baba yake, Mzee Vedasto, ni mfugaji mwenye masharti. Posa ikishapelekwa, alisema, kijana na binti wasiongee tena, si kwa mdomo wala kwa simu, mpaka siku ya kijana kuja kuonwa. Maneno yote yapite kwa mshenga. Hivyo ndivyo mama yake Agustina alivyoolewa, na hivyo ndivyo Agustina angeolewa.

Basi kiangazi chote Nashoni akawa anakwenda na kurudi. Yeye alikuwa fundi, ana karakana yake na pikipiki yake, ya aina moja na ile ya marehemu. Mseti alikuwa na ng'ombe wasiojua likizo. "Msalimie," alikuwa akimwambia Nashoni. "Mwambie namkumbuka." Nashoni alikuwa akirudi na salamu, na mara moja alirudi na kitambaa kilichotariziwa. Mseti alilala nacho chini ya mto kama mtoto, wala haoni aibu mtu akimtajia.

Mwisho Mzee Vedasto akatuma neno. "Jumamosi aje mwenyewe nimwone sura. Wazee wenu watakuja siku nyingine kuongea habari za ng'ombe. Afike kabla mifugo yangu haijarudi kutoka kunyweshwa. Asipofika, nitajua amekataa, na nyumba yangu haitakaa mlangoni kumngoja. Mwanaume anayechelewa kwa mchumba atachelewa na mke akishikwa na uchungu."

Nashoni aliyafikisha maneno hayo bila kupunguza hata moja. Katika hilo tumpe haki yake.

Jumamosi asubuhi Nashoni alitangulia. "Nakwenda kuwaandaa wazee," alisema, akiwa amevaa shati jeupe ambalo Mseti hakuwahi kuliona. Mseti aliona ni heshima yake yeye, rafiki amempendezea. Akaoga, akaaga mama yake, akapanda pikipiki iliyong'arishwa mpaka mapezi ya injini yakawa yanameta.

Kutoka Itiryo mpaka Nyamongo hakupata tabu. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, na barabara kwa sehemu kubwa inateremka. Alivuka daraja la Mto Mara akiimba. Jua lilikuwa bado halijapanda sana, na alihesabu moyoni kwamba atafika wakati ng'ombe wa Mzee Vedasto ndiyo kwanza wanashuka mtoni. Kisha mlima ukaanza. Akaingia gia ya pili, akaingia ya kwanza, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika katikati ya mlima.

Hakustuka. Aliisukuma hadi pembeni, akaielekeza kwenye upepo kama baba yake alivyofanya, akalowesha kitambaa akakifunga kwenye kabureta. Maji yakafanya chwaa! Hapo alishangaa. Kabureta haikupaswa kuwa ya moto kiasi hicho. Na kulikuwa na harufu, si ya petroli wala ya oili. Ilikuwa harufu ya rangi inayoungua.

Alingoja, akawasha, akaenda kidogo, ikazimika. Akangoja tena. Mara ya tatu alipiga magoti akachungulia. Kipande cheusi kati ya injini na kabureta kilikuwa kimetoka malengelenge. Alichukua kisu cha mfukoni akakikwangua, rangi nyeusi ikabanduka, na chini yake kikang'aa chuma cheupe. Ilikuwa aluminiamu, imechongwa vizuri kabisa kwa umbo lilelile, masikio mawili yamekamilika, hayana pengo hata moja. Ikapakwa rangi nyeusi.

Mtu mwingine angeelewa palepale. Mseti aliketi juu ya jiwe akaanza kumtetea rafiki yake. Alijiambia kwamba ile bakelaiti ya mzee lazima ilipasuka wakati inafunguliwa, maana ilikuwa kuukuu, na Nashoni akaona aibu kumwambia. Akachonga nyingine ya chuma, akidhani chuma ni imara zaidi. Na rangi? Rangi ni ya kupendezesha tu, Nashoni anapenda kazi safi. Lakini fundi wa miaka yote ile asijue kwamba aluminiamu inapitisha joto kama sufuria? Swali hilo lilimjia, akalifukuza kama anavyofukuza mbwa wa jirani, kwa upole, asije akamkosea mwenye mbwa.

Akapiga simu.

"Nashoni, pikipiki imenizimikia. Nimevuka mto, niko mlimani. Inachemka."

Kwa mbali alisikia vicheko vya wazee na kuku wakilia. Kisha vikafifia, kama mtu anatembea kusogea pembeni.

"Pole, mura," Nashoni alisema. "Usihangaike. Mimi si nipo hapa? Wazee nimewashika, wamekaa wametulia, hawana neno. Acha ipoe kabisa. Ukiilazimisha utaua injini ya mzee."

"Ng'ombe je? Hawajarudi?"

"Bado kabisa. We poza chombo. Na usiiache barabarani, wataibeba. Ile ni kumbukumbu ya baba yako."

Mseti alikata simu moyo umetulia. Muda si mrefu akapita kijana wa bodaboda anayerudi Mugumu bila abiria. Alisimama akaitazama injini inayofuka mvuke.

"Bro, hiyo leo haikufikishi. Panda nikupeleke. Yako muachie yule mama anayechoma mahindi, ni mtu mzuri, namfahamu."

Mseti alimtazama yule mama. Kweli alionekana mtu mzuri. Akaitazama pikipiki ya baba yake.

"Asante, ndugu yangu," alijibu. "Kuna mtu wangu kule ananishikia nafasi."

Bodaboda akaondoka. Mseti akakaa akapoza chombo.

Alipoingia Mbalibali, akisukuma zaidi ya kuendesha, ng'ombe wa Mzee Vedasto walikuwa zamani wamerudi. Wengine walikuwa wamelala wanacheua. Uani kulikuwa na viti, wazee wamekaa nusu duara, na katikati yao, kwenye kiti cha mgeni, ameketi Nashoni na shati lake jeupe. Mkononi alikuwa ameshika kata ya togwa.

Mseti alijua maana ya kata ile, kwa sababu Nashoni mwenyewe ndiye aliyemweleza: siku ya kuonwa, binti akiridhika, humletea mwoaji togwa kwa mkono wake. Kata ilikuwa imefika nusu.

"Shikamoo, mzee," alisema, sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

"Marahaba," Mzee Vedasto alijibu bila kuinuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mseti Nchagwa, wa Itiryo."

Agustina akatokea mlango wa jikoni, mkono ukiwa bado na unga. Ilikuwa mara ya kwanza Mseti kumwona tangu posa ipelekwe, na alimwona akiwa na uso wa mtu aliyelia, akanawa, akaamua.

"Si ulipiga simu?" Mzee Vedasto aliuliza taratibu. "Si ulipiga simu tukiwa tumekaa hapa hapa, mwenzako akatoka kukusikiliza, akarudi ameinamisha kichwa? Akatuambia umesema huji, umebadili mawazo, tusikungoje. Akasema yeye anaona haya kwa niaba yako, na kwamba ili binti huyu asiaibike mbele ya majirani, kama tutamkubali, yeye yuko tayari kusimama."

Mseti aligusa simu mfukoni. Simu yake mwenyewe! Ile simu aliyopiga kwa kumwamini ndiyo ilikuwa imemchinja. Alimtazama Nashoni, akitumaini hata sasa kwamba atacheka, aseme ulikuwa utani wa watu wa jando moja. Nashoni alikuwa akiitazama togwa.

"Mzee, mimi sikusema hivyo. Pikipiki ilizimika."

"Kila mtu pikipiki yake huzimika," alisema mzee mmoja, na wengine wakaguna.

Na kweli, neno lake lilikuwa dhidi ya neno la mtu ambaye wamekula naye kiangazi chote. Wao walimjua Nashoni. Mseti kwao alikuwa jina tu. Aligeuka ili aondoke kabla hajalia mbele za watu, na alipogeuka akaiona pikipiki ya Nashoni imeegeshwa kando ya ghala. Ilikuwa ya aina ileile, imepanda mlima uleule, na wala haikutoka jasho. Miguu ikampeleka yenyewe. Akainama. Pale kati ya injini na kabureta palikuwa na kipande cheusi, kikuukuu, kimekwaruzika. Sikio la kulia lina mapengo mawili. La kushoto lina moja.

Aliweka mkono juu ya kile kipande. Aliumia kuliko siku ya kisu, maana siku ile alikuwa na mtu wa kusimama naye. Nashoni angeweza kununua bakelaiti mpya mjini asubuhi moja. Lakini alijua kwamba kipande cha mzee ndicho kizuri kuliko vyote, na hakuweza kukiacha. Na Nashoni, mtoto wa fundi asiyewahi kufuga hata ndama, aliona mikwaruzo ya uzee pale ambapo mfugaji angeona alama.

"Mzee Vedasto," Mseti aliita. "Naomba uje uangalie sikio."

Neno hilo halikuhitaji maelezo kwa mfugaji. Mzee aliinuka na fimbo yake, akaja, akainama kwa shida.

"Hii ni alama ya ng'ombe wa baba yangu," Mseti alisema. "Hata mnadani Mugumu wanaijua. Kipande hiki ndicho kinachozuia joto. Alikitoa kwenye pikipiki yangu akaweka kwake. Yangu akaniwekea chuma akakipaka rangi. Nenda ukione, rangi inabanduka."

Mzee Vedasto alipitisha kidole kwenye mapengo, moja, jingine, kisha upande wa pili. Akaenda kwenye pikipiki ya Mseti akachungulia pia, akanusa. Alirudi ametulia sana, na wazee waliokuwa wakiguna wakaacha.

"Hata mimi nimewahi kununua ng'ombe wa wizi," alisema. "Nilijua nilipomshika sikio. Kijana, una la kusema?"

Nashoni aliinua macho. Hakukana.

"Kiangazi chote nilikuja mimi," alisema, na hakuwa akimwambia mzee, alikuwa akimwambia Mseti. "Vumbi nilikula mimi. Mzee huyu alipougua nilimpeleka hospitali mimi. Wewe ulikuwa unatuma salamu, mura. Baba yako alikuwa akisema mshenga akae katikati avumilie. Mshenga naye anaungua!"

"Ungeniambia," Mseti alisema.

"Ungekubali. Ndicho kilichonishinda. Ungesema sawa, mchukue, ndugu yangu. Nisingeweza kuishi na huo wema wako."

Mseti hakujua kama ni uongo.

Agustina alivuka ua. Alimfikia Nashoni, akamwondolea kata mkononi, akaimwaga togwa yote chini, kuku wakakimbilia. Mseti moyo ulimruka. Alimwona akigeuka, akija upande wake na kata ile tupu, na kwa mara ya kwanza tangu mlimani alihisi kwamba labda siku haijaharibika.

Alisimama mbele yake.

"Ulikuwa mbali kiasi gani ilipozimika?"

"Nilikuwa nimevuka mto. Mlimani."

"Hakupita mtu?"

Angeweza kudanganya. Siku hiyo kila mtu alikuwa amedanganya, hata rangi. "Alipita bodaboda," alisema. "Nikamwambia nina mtu wangu huku."

Agustina alitikisa kichwa polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Huyu amenidanganya, na sitamsamehe. Lakini wewe, Mseti, siku moja tu niliyotaka uje mwenyewe, umekaa barabarani unapoza pikipiki kwa sababu mwingine yupo kwa niaba yako. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ungekuja kwa miguu. Nilikuwa pale getini tangu asubuhi, ningekuona unakuja."

Akaingia ndani na kata yake. Hakuirudisha na togwa, na mlango wa jikoni ukafungwa.

"Leo hapa hakuna mwoaji," Mzee Vedasto alisema. Akamwagiza mtu alete spana, akamsimamia Nashoni mpaka kile kipande kikafunguliwa, akakipokea yeye, akakifuta kwa shuka lake na kukiweka kiganjani mwa Mseti. "Mali ya baba yako." Zaidi ya hapo hakuwa na la kumpa.

Nashoni alibaki amechuchumaa, kabureta inaning'inia kwenye waya wake. Mseti alimpita bila kumtazama. Alitaka kumchukia, na angemchukia vizuri kesho, lakini kwa sasa alikuwa akifikiria lile jiwe alilokalia mlimani, jinsi lilivyokuwa na kivuli, na jinsi alivyokaa hapo ametulia.

Alikitia kipande mfukoni. Akapanda pikipiki ya baba yake, akafungua koki ya mafuta, akapiga kiki moja tu. Ikawaka palepale, ikanguruma vizuri, haina kikohozi chochote. Injini ilikuwa imeshapoa.